Siku Nilipoipeleka Harusi Yangu Lamboni

Ninyi vijana wa pikipiki mnaoegesha hapa nje ya dirisha langu, sogeeni karibu, leo sina ugomvi. Juzi mmoja wenu alinipita pale njia panda kwa kasi hadi kofia ikaniruka kichwani. Akageuka, akanipungia mkono, akacheka. Nami badala ya kutukana nikajikuta nimesimama kwenye vumbi nacheka peke yangu kama mwehu, maana yule nilimfahamu vizuri sana. Alikuwa mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na magurudumu sita na abiria hamsini.

Nimeendesha mabasi na malori miaka mingi: Shinyanga, Tinde, Kahama, Ushirombo, na barabara ikikauka, mpaka Geita. Nilianza miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nikaacha themanini zikiwa zimekolea. Lami tulikuwa tukiisikia kwa watu waliowahi kufika Dar es Salaam, na tuliwaamini nusu tu.

Basi langu la kwanza lilikuwa la tajiri mmoja wa Shinyanga, rangi ya maziwa, mstari mwekundu ubavuni. Usukani wake ulikuwa mzito, ukikata kona tatu mfululizo mabega yanawaka kama umelima heka nzima. Klachi ilitaka mguu wa ng'ombe. Lakini likishachanganya, mama yangu! Vumbi nyuma yetu lilisimama kama ukuta, kuku wa pembezoni wakapaa juu kuliko walivyojua wanaweza.

Abiria walinipenda. Watu wa machimbo waliokwenda Nyarugusu ndio walionipa jina la Kimbunga. Kila mmoja wao aliamini kwamba dhahabu yake inachimbwa na mtu mwingine wakati yeye yuko njiani, kwa hiyo nikipunguza mwendo kidogo tu, nyuma wanapiga mabati kwa viganja: "Kanyaga, Kimbunga!" Kina mama wa dagaa waliotoka Nkome nao walinishangilia, ila kwa sababu yao wenyewe: nikikimbia, harufu inatokea dirishani. Nikienda polepole, inabaki inasafiri nasi.

Sasa niwape siri ya barabara ya changarawe, maana ninyi mmezaliwa juu ya lami. Barabara ile ikipitwa sana inajikunja, inakuwa na mikunjo midogo midogo kama bati la nyumba. Ukipita polepole gari zima linatetemeka: vioo, meno, mayai ya watu kwenye vikapu. Ukiongeza mwendo, linatetemeka zaidi, unadhani linaachana vipande. Wengi hapo huogopa, wakarudisha mguu. Lakini ukiwa mkaidi, ukazidi kukanyaga, ukikaribia maili hamsini, ghafla kimya. Laini kabisa, kama umelala kwenye godoro la sufi. Abiria wanaacha kushika viti, wanaanza kuimba. Mimi nilipogundua jambo hilo nilijiona mganga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na barabara ilikuwa inanitii!

Mtu pekee ambaye hakuvutiwa alikuwa Mzee Ndaki.

Mzee Ndaki aliendesha lori la pamba. Alikuwa mfupi, alikalia gunia lililokunjwa mara nne ili aone mbele, na hakuna aliyewahi kumwona akivuka maili thelathini na tano. Sisi madereva wa mabasi tulimwita Mzee Kesho, kwa kuwa ukimpa mzigo leo, hujui utafika lini. Alilijua jina hilo na likamfurahisha sana. Siku moja pale Kahama tulikuwa tunakunywa chai, nikamsimulia kwa majivuno jinsi basi langu linavyotulia nikikimbia.

"Halijatulia," akasema.

"Mzee, nakwambia hata glasi ya maji haimwagiki."

"Limeacha kugusa chini, Maganga. Matairi yanaruka kwenye vichwa vya ile mikunjo, hayaingii kwenye mabonde yake. Hapo usukani unaoshika ni pambo. Na breki ni pambo la pili."

Nikacheka sana. Nikawageukia wenzangu nikasema, "Mzee Kesho anaogopa kupaa." Wote tukacheka, na yeye akacheka nasi, akaomba aongezewe andazi.

Halafu kukatokea mwalimu Suzana.

Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, binti wa katekista, anafundisha shule ya msingi hapo kwao. Siku hiyo alipanda basi langu Shinyanga, akakaa kiti cha nyuma yangu. Tulipopita Isaka nilikuwa tayari nimeanza kupaa. Nikasikia sauti ya upole kabisa shingoni.

"Kaka dereva, naomba unishushe."

"Wapi, mwalimu?"

"Hapa."

"Hapa ni pori, mwalimu."

"Naliona."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikasimamisha, akashuka na sanduku lake la bati, akaliweka chini ya kivuli kidogo cha mgunga, akalikalia, akafungua kitabu. Hamisi, kondakta wangu, akachungulia mlangoni: "Dada, gari lingine ni la Mzee Kesho!" Akajibu, "Vizuri." Basi zima likaangua kicheko. Nikaondoa gari, na katika kioo cha pembeni nikamwona anavyozidi kuwa mdogo, amekaa wima, anageuza ukurasa. Vijana, sijui niwaelezeje. Wengine wanapenda kwenye ngoma, wengine kanisani. Mimi nilipendea kwenye kioo cha pembeni, nikimkimbia mtu huyo kwa maili hamsini kwa saa.

Nilimfuata mwaka mzima. Nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake nikiwa nimevaa soksi mpya. Suzana akanikubali, lakini hakukubali basi langu. Akitaka kwenda Kahama anapanda lori la Mzee Ndaki, mimi natangulia, nanunua soda mbili, namngoja stendi mpaka zinapata moto. Wenzangu walinicheka wakachoka. Nilikuwa nimechumbia mtu asiyepanda gari langu!

Siku ya harusi ikapangwa: Jumamosi, misa saa sita mchana, kanisani Ushirombo. Tajiri akanipa basi bure liwe zawadi yake. Mzee Ndaki akaniita pembeni.

"Maganga, siku hiyo wewe ni bwana harusi. Kaa nyuma na ndugu zako. Hilo basi nitaendesha mimi, lori atalipeleka mwingine."

"Mzee," nikasema, "ukiendesha wewe nitafika nina mvi, mwalimu hatanitambua."

Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Haya, baba." Hakurudia.

Basi ilikuwa tuondoke alfajiri. Saa kumi na mbili ndugu wote wamepanda, wamependeza, basi linanukia mafuta ya nazi na poda. Suti yangu haijafika. Fundi cherehani alikuwa bado anashona kifungo cha mwisho, na alipomaliza kifungo akagundua mfuko mmoja umeshonewa ndani. Tuliondoka saa mbili kasoro, na moyoni sikusikitika hata kidogo. Nilifurahi! Nilikuwa nimepata sababu ya kukimbia ambayo hata padre angeielewa.

Niwaambieni nilivyovaa, maana kuna somo. Suti ya kahawia, suruali bugaluu, miguuni upana wake ungefunika sufuria. Na viatu vya raizoni, soli nene kama matofali. Nilipokanyaga mafuta sikuyasikia. Nilipokanyaga breki sikuisikia. Mguu wa dereva una masikio, vijana. Mimi siku hiyo niliyaziba mwenyewe kwa ajili ya urembo.

Kiti cha mbele, jirani na mlango, alikaa Shangazi Kabula, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mikononi alikuwa na keki ya harusi, imo ndani ya debe kubwa la biskuti, kifuniko kimezungushiwa kitambaa kikafungwa mafundo. Keki ile ilitoka kwa mwokaji mmoja wa Shinyanga, na Shangazi alikuwa ameapa kwamba haitaguswa na mkono wa mtu mpaka Ushirombo. Hamisi alimsihi ailaze sakafuni. Akamjibu, "Wewe shika tiketi zako."

Tukaimba kutoka Shinyanga mpaka Tinde, kutoka Tinde mpaka Kahama. Mjomba wangu mmoja alicheza katikati ya viti mpaka suruali ikachanika. Mbuzi wawili wa zawadi walifungwa nyuma, nao kila tulipopiga kibwagizo waliitikia. Tulipoacha Kahama tukalikuta lori la Mzee Ndaki limeegeshwa kijijini, anashusha magunia matupu ya kufungia pamba, naye keshavaa koti lake la harusi. Nikalala kwenye honi. Kina mama wakatoa vitambaa madirishani, wakampigia vigelegele: "Mzee Kesho, tutakuachia ubwabwa!" Yeye akapunga mkono, koti limejaa vumbi letu.

Maili kumi hivi kabla ya Ushirombo barabara inapanda kilima kidogo, halafu inateremka kunyooka. Saa yangu ilisema tano na nusu. Nikajiambia, nitafika hata kabla ya padre hajavaa. Nikakanyaga. Basi likatetemeka, likatetemeka zaidi, kisha kile kimya changu kikaja. Ah! Hakuna furaha kama ile, sitawadanganya. Jua limewaka, wimbo umepamba moto, mke ananingoja, na chini yangu hakuna hata kokoto. Nikageuza kichwa nikamwambia Shangazi, "Unaona tunavyopaa?"

Naye akasema, "Ng'ombe."

Nikageuka. Walikuwa wametanda barabara nzima, kundi kubwa linavuka kwenda kunywa maji, na katikati yao mzee mmoja mwenye fimbo. Aliliona basi. Hakukimbia. Alinyoosha mikono yote miwili pembeni, kama mtu anayetaka kuwakumbatia ng'ombe wake wote kwa pamoja.

Nikapeleka mguu kwenye breki. Raizoni ikatua kwenye ukingo wa pedali, ikateleza. Nikapeleka tena, pindo la bugaluu likajisokota kwenye pedali ya mafuta. Nilipoikanyaga mara ya tatu ilikamata, lakini matairi hayakuwa na mahali pa kushika. Nikakata usukani. Usukani ukageuka vizuri tu, ila basi likaendelea kwenda kule lilikokuwa linakwenda, kama vile halijaambiwa lolote. Kisha likakumbuka. Likaiacha barabara, likapanda tuta la udongo, na kwa mara ya kwanza tangu niwe dereva, tukapaa kweli.

Tulitua kwenye lambo.

Maji yaliruka yakafunika vioo vyote, giza, halafu mwanga. Basi lilisimama wima, maji yanafika kiunoni, injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Wimbo ulikuwa umekatika katikati ya neno. Mbuzi mmoja akalia. Halafu mjomba wa suruali iliyochanika akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumefika?"

Ndipo vikaanza vilio, na ndani ya vilio vicheko, maana watu walijigusa wakajikuta wazima. Wakatoka madirishani, wakatoka mlangoni, vitenge vimevimba juu ya maji kama maputo. Mimi nikasimama ndani ya lambo na suti yangu, nahesabu watu kwa kidole. Nikahesabu mara ya pili. Mara ya tatu. Wote wapo.

Yule mzee wa ng'ombe akaja taratibu mpaka ukingoni. Akaegemea fimbo yake, akatutazama, watu arobaini na kitu ndani ya maji tumevaa nguo za sikukuu. Akatuamkia, "Mwangaluka."

Tukaitikia wote, "Mwangaluka, baba."

Akauliza habari za tulikotoka. Tukasema njema. Akauliza habari za watoto. Tukasema njema. Akatafakari kidogo, akauliza, "Mnaoga?"

Hamisi alicheka mpaka akakaa chini, maji yakamfika kidevuni. Nami nilicheka, vijana, nilicheka hadi nikasikia Shangazi Kabula ananiita kwa jina langu la utotoni, polepole. Alikuwa amekaa ukingoni, uso umekuwa rangi ya majivu. Debe la keki liko mapajani. Hakuliachia. Basi liliporuka, kila mtu alishika kiti. Yeye alishika keki, na mkono wa kulia ukaenda kugonga chuma cha mlango. Ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Fungua debe," akaniambia. "Niangalie kama imeingia maji."

Nikafungua. Ilikuwa kavu, nyeupe, hata ua moja la sukari halijavunjika. Keki ilisalimika.

Tulimfunga mkono kwa vijiti viwili na kitenge. Halafu tukangoja. Siku zile gari lilikuwa tukio. Saa moja ikapita, saa mbili zikapita, hakuna hata honi ya mbali. Shangazi hakulia, aling'ata pindo la kitenge chake. Furaha yangu yote ikaniishia pale, nimechuchumaa pembeni yake, tope la suti linakauka linageuka jeupe. Yule mzee alikaa nasi, akampa Shangazi maziwa kwenye kibuyu. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nilikuona uso. Ulikuwa mtoto kabisa." Hadi leo sijui alikuwa ananisamehe au ananishitaki.

Na watu wakisimulia habari hii husema Kimbunga alikuwa hodari, alichagua lambo kuwaokoa ng'ombe. Naomba mnisikilize vizuri. Sikuchagua. Upande wa pili wa barabara ile kuna mawe makubwa, makubwa kuliko basi. Niliyaona nikiwa nimekaa nimeloa. Nilipokata usukani sikuwa nayajua, wala lambo sikulijua. Mikono iliruka upande mmoja, basi. Ingeruka mwingine, msingekuwa na babu wa kuwapigia kelele.

Mzee Ndaki alifika saa nane. Tulilisikia lori lake muda mrefu kabla hatujaliona. Akashuka, akalitazama basi, akanitazama, wala hakufungua mdomo kusema "nilikwambia." Akamnyanyua Shangazi yeye mwenyewe, akamkalisha mbele. Sisi wengine tukapanda nyuma juu ya magunia yaliyosalia. Na kwa ajili ya mkono ule alikwenda polepole kuliko nilivyowahi kumwona, akikwepa kila shimo, akikwepa hata kivuli cha shimo. Maili kumi zile zilichukua karibu saa mbili.

Kumbe kulikuwa na mtu wa baiskeli. Alikuwa akija nyuma ya wale ng'ombe, akaona basi linaruka na maji yanapaa, hakungoja kuona zaidi. Aligeuza baiskeli, akakimbia nayo Ushirombo kama amefukuzwa, akaingia uwanja wa kanisa saa saba, akatangaza, "Wamezama wote!"

Kwa hiyo tulipokata kona ya misheni juu ya lori, tulikuta msiba wetu wenyewe. Wanawake wamekaa chini wanalia, wanaume wamejiinamia. Sufuria za ubwabwa zimeachwa, mbwa wamezizunguka. Watoto walipotuona, watu weupe kwa tope tumekaa juu ya magunia, walitawanyika wakipiga mayowe, "Mizimu!" Na bibi mmoja akanyoosha mkono akanifinya shavu kuhakikisha.

Suzana alitoka nyumbani kwa baba yake. Shela ameivua. Amejifunga khanga nyeusi kichwani. Akaja mpaka lorini, macho yamevimba, akanitazama kuanzia raizoni mpaka nywele.

"Wamekufa wangapi?"

"Hakuna," nikasema.

"Walioumia?"

"Shangazi. Mkono."

Akanipita kama nguzo, akaenda kumpokea Shangazi, akaandamana naye zahanati ya misheni. Mimi nikakaa nje kwenye ngazi. Ndani nilimsikia Shangazi akigombana na padre, mzee mmoja wa ndevu nyingi: yeye Shangazi anataka ndoa ifungwe leo hii hii, la sivyo mkono wake umevunjika bure, padre anasema wasubiri wiki tatu, watu watulie, mfupa nao utulie. Padre akashinda. Jioni Suzana akatoka, akasimama mbele yangu.

"Umenifanya mjane kabla hujanioa," akasema. "Saa tatu nzima, Maganga. Nilikwisha kufikiria ni wapi tutakuzika."

"Nisamehe."

"Sijui."

"Wiki tatu zikiisha, utakuja kanisani?"

"Nitakuja. Jibu nitampa padre, mbele ya watu. Usiniulize kabla."

Akarudi ndani. Keki ile tuliila usiku huo, waombolezaji na marehemu pamoja, na ilikuwa tamu ajabu.

Nimalize kabisa habari ya ule mkono. Uliunga, lakini ulipinda kidogo kwenye kiwiko, haukunyooka tena mpaka alipofariki. Aliugeuza kichekesho. Nikimwamkia "Shikamoo, Shangazi," ananiitikia "Marahaba, ndege," ananipa mkono wa kushoto. Lakini siku moja, miaka kadhaa baadaye, nilifika kwake bila hodi nikamkuta kisimani anajaribu kujitwisha ndoo. Akaiinua mpaka kifuani, mkono ukagoma. Akaishusha. Akajaribu tena. Akamwaga nusu ya maji, ndipo ikapanda. Hakujua ninamwona. Nilirudi nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikaja kwa mbele nikipiga hodi kwa sauti kubwa. Hiyo ndiyo gharama ya godoro langu la sufi, na hakuilipa aliyelilalia.

Tajiri alininyang'anya funguo. Nikaenda kwa Mzee Ndaki.

"Nifundishe."

"Wewe dereva wa miaka sita. Nikufundishe nini?"

"Kusimama."

Alicheka, akanipeleka na lori hadi barabara ya Kishapu, kule mbugani kwenye pamba ambako unaona mbele mpaka macho yachoke. Akaniambia niende maili ishirini, na akitupa kofia yake dirishani nikanyage breki. Akaitupa, nikasimama. "Shuka. Hesabu hatua mpaka kwenye kofia." Nikahesabu, chache tu. Halafu maili arobaini. Nilidhani hatua zitakuwa maradufu. Nilitembea, nikatembea, wavuna pamba wakaacha kuvuna wakawa wananihesabia kwa Kisukuma kwa sauti moja, wakicheka kila nikipita kumi nyingine. Hazikuwa maradufu, zilikaribia mara nne! Nilisimama kwenye kofia ile nimeduwaa, nikageuka kuliangalia lori lilivyo mbali. "Kila hatua uliyohesabu," Mzee Ndaki akanipigia kelele toka kule, "weka ng'ombe mmoja!" Nilifanya zoezi hilo siku nyingi, peku. Jaribuni na pikipiki zenu, uwanjani, bila watu. Mtashangaa.

Wiki tatu zikaisha. Safari hii hakuna aliyekuwa na basi. Tulipanda lori, tukaondoka Ijumaa mchana, tukalala Kahama kwa jamaa, tukaingia Ushirombo Jumamosi asubuhi kabla hata kanisa halijafagiliwa. Nilivaa suti ile ile. Shangazi aliifua mara nne kwa mkono mmoja na rangi ya lambo ikabaki kwapani. Miguuni nilivaa sandali za matairi.

Kanisa likajaa. Suzana akaja na baba yake, ameshika maua, uso hausomeki. Padre akaniuliza mimi kwanza, nikajibu ndiyo kabla hajamaliza swali, watu wakaguna. Akamgeukia Suzana, akauliza.

Suzana akayatazama maua yake.

Nilisikia njiwa wanatembea juu ya bati. Padre akakohoa. Suzana akanigeukia.

"Umekuja na nini?"

"Lori la Mzee Ndaki."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma. Juu ya magunia."

"Na ulimwambia aongeze mwendo?"

Nilikuwa mbele ya altare, uongo ungenishinda. "Mara moja," nikasema. "Tulipopitwa na baiskeli."

Kanisa zima likalipuka. Padre akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Suzana akajaribu kukaza uso, ukamshinda, akaanza kucheka mpaka maua yakamdondoka. Na akiwa bado anacheka akasema, "Ndiyo, Padre. Namkubali huyu."

Vigelegele vikapaa. Shangazi Kabula, kiti cha mbele, akataka kupiga makofi, mkono wa kulia bado una plasta, umening'inizwa shingoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakiona kipara cha Mzee Ndaki jirani yake, akayapiga yote juu yake, moja baada ya jingine, naye Mzee Ndaki akainamisha kichwa ili akifikie vizuri.